Masta ya afya ya jamii: niende au nisiende? Nilivyoamua mimi

Swali ninaloulizwa sana na wauguzi wenzangu, na siku hizi hata na watu wa maabara na walimu wa baiolojia, ni hili: nikasome masta ya afya ya jamii au niachane nayo? Wengi wanategemea niwajibu ndio au hapana. Mi huwa nawarudishia swali, ukimaliza unataka kufanya kazi gani, na hapo ndo watu wanaanza kukwama, mtu anakwambia "nataka kusaidia jamii", sawa, nia nzuri, ila hakuna ofisi inayotangaza nafasi ya msaidia jamii. Inatangazwa nafasi ya mtu wa takwimu, mtu wa ufuatiliaji wa magonjwa, mtu wa chanjo, mtu wa tathmini ya miradi, mtu wa sera, mtu wa maji na usafi wa mazingira, na ukikaa na hawa watu siku nzima utaona kazi zao hazifanani kabisa japo wote wana cheti kimoja ukutani.

Ngoja nieleze mimi nilivyopita, afu mtu achukue kinachomfaa.

Nilikua muuguzi wodi ya watoto. Kilichonianzishia mawazo ni kile kile cha wengi, mtoto analetwa anaharisha, mnahangaika nae usiku kucha na maji ya dripu, anapona, mama anashukuru anaondoka, baada ya muda unamuona tena mlangoni amembeba yule yule. Naisema hii hadithi nikijua kabisa kwamba kila anayeomba hii kozi anaiandika kwenye barua yake ya maombi. Mwalimu mmoja ambaye huwa anasoma maombi aliniambia akikuta aya ya "nilichoka kutibu ugonjwa ule ule" anairuka moja kwa moja, anaenda aya ya chini yake kuangalia kama huyu mtu anajua anachokitafuta. Kwahiyo hadithi ni ya kweli ila haitoshi kwa chuo, na kwako mwenyewe pia haitoshi. Maana kuchoka wodini kunaweza kuwa ni kuchoka zamu za usiku tu, au kumchoka bosi, na hayo dawa yake ni kuhama kitengo, hakuhitaji ada ya chuo kikuu.

Mimi nilijipima hivi: wakinitoa zamu za usiku, wakaniongeza mshahara, wakambadilisha na msimamizi, bado nitataka kujua hawa watoto wanatokea wapi na kwanini wanarudi? Jibu lilikua ndio, na nilijua ni ndio ya kweli kwasababu nilishaanza bila kutumwa na mtu. Nilikua nachukua rejista ya wodi, naandika pembeni kwenye daftari langu mtoto katokea mtaa gani, wanakunywa maji ya wapi, mwezi gani, na zamu ikiwa imetulia naanza kuhesabu. Hakuna aliyeniomba na hakuna aliyenilipa, wenzangu walikua wananicheka. Naamini mpaka leo kwamba mtu mwenye wito wa hii kazi huwa ameshaianza kabla hajajua jina lake. Kama hujawahi hata mara moja kuangalia rejista ukajiuliza mbona hawa wote wametoka upande mmoja, jiulize vizuri kabla hujaaplai.

Darasani baadae ndo nikakutana na John Snow, yule daktari wa London ambae mwaka 1854 aliweka vifo vya kipindupindu kwenye ramani vikaonekana vimeizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Kila mwanafunzi wa afya ya jamii anafundishwa hiyo. Kinachoachwa ni kwamba Snow aliendelea na kazi yake ya kutoa dawa ya usingizi, na alifariki 1858 wakati wakubwa wengi wa afya bado hawajakubali kwamba kipindupindu kinaenea kwa maji. Mi ningependa watu waambiwe hicho mapema, kwamba kwenye hii fani unaweza ukawa na jibu sahihi, na ramani unayo, na bado mkutano ukaisha bila mtu kukusikiliza.

Turudi kwenye kuamua. Kabla sijafungua tovuti ya chuo chochote nilianza kusoma matangazo ya kazi. Miezi kadhaa hiyo ndo ilikua kazi yangu ya jioni, kila tangazo linalonivutia nanakili kwenye daftari, upande mmoja wanataka elimu gani, upande wa pili wanataka mtu ajue nini. Upande wa elimu ulikua unajirudia mstari ule ule, "masta ya afya ya jamii au inayofanana nayo". Hayo maneno ya mwisho watu hawayasomi jamani, na ndo yana maana kubwa kuliko yote, yanakwambia kwamba mlango huo huo anaingia mtu wa takwimu, mtu wa uchumi, mtu wa sosholojia, mtu wa demografia. Upande wa pili ndo ulikua mrefu: ajue Stata au R (programu za kompyuta za kuchambua takwimu), ajue kutumia DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa kukusanya data za vituo vya afya), aweze kusimamia bajeti, aandike proposo, aongoze wakusanya data fildi, awe na uzoefu wa miaka kadhaa. Baada ya hapo nilikua sichagui tena "afya ya jamii" kwa ujumla wake, nilikua nachagua epidemiolojia, yaani elimu ya magonjwa yanavyoenea na kwanini, pamoja na takwimu, kwasababu matangazo yaliyokua yananifanya nisome mpaka mwisho yote yalikua ya upande huo.

Afu nikatafuta watu. Hapa nawaomba msione aibu, mtu akiombwa kwa adabu dakika ishirini za kuelezea kazi yake wengi wanakubali, tena wanafurahi. Kuna kaka mmoja wa ufuatiliaji wa magonjwa alinikaribisha ofisini kwake, nikaenda na rafiki yangu tuliyekua nae wodini ambae nae alikua anaifikiria kozi hiyo hiyo. Akatufungulia kompyuta. Ilikua orodha ya watoto waliohisiwa kuwa na surua, mistari mingi mpaka chini huko. Kuna mtoto ameandikwa ana umri wa miaka 207. Kuna mwingine dalili zilimuanza kabla hajazaliwa, ukilinganisha tarehe. Kijiji kimoja kimeandikwa kwa tahajia nne tofauti, kwahiyo kompyuta inaona ni vijiji vinne. Na ile safu ya kusema mtoto alichanjwa au hakuchanjwa, ambayo ndo ya muhimu kuliko zote, nyeupe kabisa, tupu, unashuka chini unashuka chini bado tupu. Akasema, "Sista, kazi yangu ndo hii. Asubuhi napiga simu vituoni kuuliza huyu mtoto kadi yake inasemaje, mchana nasafisha huu uchafu, jioni naandika ripoti ya ukurasa mmoja, na mkubwa wangu anasoma mistari mitatu."

Nikamuuliza sasa huchoki. Akasema anachoka, ila kuna wakati ile mistari mitatu ndo inayoamua timu ya chanjo iende wapi wiki ijayo.

Rafiki yangu alikua ameshaanza kuangalia simu. Mimi mkono ulikua unawasha, natamani anipishe kwenye kiti nianze na ile tahajia ya kijiji. Tulipotoka nje rafiki akaniambia mwenzangu mi siwezi kukaa na majina ya watoto bila watoto wenyewe, na akafanya jambo la maana sana, akaenda kusomea ubobezi wa uuguzi wa watoto, leo ni mkuu wa kitengo na anaipenda kazi yake kuliko mimi ninavyoipenda yangu siku nyingine. Ile asubuhi moja ilimuokolea ada na miaka. Kwahiyo nikimwambia mtu nenda kakae na mtu anayeifanya hiyo kazi simaanishi kumuuliza maswali tu, maana maswali mtu anakujibu vizuri, nenda uangalie skrini yake na ujichunguze wewe unavyojisikia ukiiangalia.

Kuhusu kozi yenyewe. Maelezo mazuri ya hii fani yalitolewa na Mmarekani mmoja, Winslow, mwaka 1920, kwa kifupi alisema ni sayansi na sanaa ya kuzuia magonjwa, kurefusha maisha na kukuza afya kwa juhudi za pamoja za jamii iliyojipanga. Hayo maneno ya juhudi za pamoja yashike, kwasababu ndo yanakuja kuwa vikao. Vikao vingi. Vyuo vingi vimejengwa juu ya nguzo tano, takwimu za afya, epidemiolojia, afya ya mazingira, sera na uongozi wa huduma za afya, na masuala ya tabia na jamii, afu juu yake unachagua mkondo wako. Marekani kwa kawaida ni miaka miwili, na baraza linaloithibitisha kozi kule, CEPH, linataka isipungue krediti 42 za semesta pamoja na kazi ya vitendo. Uingereza mara nyingi ni mwaka mmoja, na nawaambia huo mwaka unakimbia, ukitulia kidogo tu unakuta disetesheni inakudai. Chuo cha Johns Hopkins cha Marekani wana ya miezi 11 lakini wanataka mtu ambae tayari ana uzoefu wa kazi. Kuna na MSc (masta ya sayansi), yenyewe inaelekea kwenye utafiti zaidi, MPH, ambayo ndo hii masta ya afya ya jamii, inaelekea kwenye utendaji, ila mipaka inatofautiana chuo na chuo kwahiyo soma orodha ya masomo, usisome jina.

Na kama unajiuliza mimi sio daktari nitafaa? Hilo lilishabishaniwa zamani. Mwaka 1915 Marekani iliandikwa ripoti na Welch na Rose kuhusu namna ya kufundisha watu wa afya ya jamii, ikapendekeza shule zinazojitegemea, na mwaka 1916 ikaanzishwa ya Johns Hopkins. Kuanzia hapo wazo kwamba hii ni taaluma yake yenyewe likakaa. Darasani kwetu walikuwepo wahandisi, mwanasheria, watu wa mawasiliano. Yule mhandisi alitushinda wote kwenye mambo ya maji, sisi wa hospitali tulikua tunajua majina ya vidudu tu.

Pesa sasa. Ada ndo kila mtu anaiona. Usichokiona ni mshahara utakaoukosa muda wote unaosoma, na kwangu mimi huo ndo ulikua mkubwa kuliko vyote ukizingatia kuna watu nyumbani wanakutegemea. Mama yangu alikaa kimya kidogo nilipomwambia, afu akasema "Mwanangu, unaacha mshahara ukasome tena?" Sikua na jibu zuri, nilimuonyesha daftari langu la matangazo ya kazi, akalifunua funua, akasema haya. Ongeza na vitu vidogo vidogo, ada ya kuomba kwa kila chuo, mtihani wa lugha, kutuma matokeo yako ya zamani, viza kama unatoka nje ya nchi, pesa ya kushikia nafasi ambayo chuo kinaitaka mapema wakati mfadhili bado hajajibu. Hivi vidogo vilinibana kuliko nilivyotegemea kwasababu vyote vinadaiwa wakati mmoja.

Skolashipu zipo, ila soma masharti yake kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Chevening ya Uingereza kwa mfano inataka mtu mwenye uzoefu wa kazi wa kama miaka miwili, na ukimaliza urudi nchini kwako ukae angalau miaka miwili. Kwa mwingine hilo halina shida kabisa, kwa mwingine linavuruga mpango wake wote, sasa ni bora ujue kabla. Mimi nilipata ya sehemu, nyingine akiba, nyingine nikavumilia. Mkopo nilikataa. Nilikua na hesabu moja ambayo nawapa wote: chukua jumla ya utakachokopa, weka pembeni ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa ile kazi uliyoiona kwenye matangazo, sio mshahara wa yule mkurugenzi unayemuona kwenye picha za makongamano. Ukiona deni linaupita huo mshahara mara kadhaa, simama, tafuta njia nyingine hata kama ni kusubiri. Hii fani hailipi kama watu wanavyofikiria, mwanzoni hasa.

Kazini niliomba likizo bila malipo na nikadai barua. Wakaniona msumbufu. Mwenzangu wa idara nyingine yeye aliambiwa kwa mdomo tu "nenda, nafasi yako ipo", amerudi na cheti chake amekuta ameshakaa mtu mwingine, na aliyemuahidi kahamishwa. Barua jamani, yenye tarehe na saini.

Njia nyingine zipo na watu hawaambiwi. Kusoma kwa masafa huku uko kazini ipo, London School of Hygiene and Tropical Medicine wana kozi za hivyo kupitia Chuo Kikuu cha London, mshahara unaendelea, ila unakosa watu, na watu ndo nusu ya faida, maana kazi yangu ya kwanza niliisikia kwa mtu niliyekua nakaa nae maktaba. Njia ya pili ambayo mi naona wauguzi na matabibu wengi ingewafaa kuliko masta ni yale mafunzo ya epidemiolojia ya fildi. CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ilianzisha ya kwake mwaka 1951, ya miaka miwili, Thailand ikaanza ya kwao 1980, na leo nchi nyingi zinayo. Yana ngazi, ya kwanza kama miezi mitatu, ya kati kama miezi tisa, ya juu miaka miwili, na ile ya kwanza unaifanya ukiwa kwenye kituo chako cha kazi hicho hicho. Unajifunza kwa kufuatilia mlipuko wa kweli. Kama unachokitaka ni kujua kuchunguza milipuko na una ajira serikalini, anzia huko, masta utaiongeza ukiona bado unaihitaji.

Basi nikaenda. Wiki za mwanzo zilikua ngumu na sitawadanganya. Nilikua na muda mrefu sijashika hesabu, nimekaa na vijana waliotoka digrii ya kwanza juzi, vidole vyao kwenye kibodi ni kama mvua ya mawe. Epidemiolojia ilinikubali mapema, lile jedwali la mbili kwa mbili, waliougua na wasiougua, waliokula na wasiokula, unagawa unapata namba na ile namba ina maana, nililipenda kweli. Takwimu ndo ilinitesa. Siku ya zoezi la kwanza la rigreshoni, ile hesabu ya kupima kitu kimoja kinavyohusiana na kingine, nilikaa mbele ya R imejaa maandishi mekundu, narudia, mekundu, narudia, mekundu, giza likaingia, jengo likabaki na mlinzi na mimi, mwisho wake kumbe nimesahau mkato mmoja katikati ya majina mawili. Nililia kidogo, sio kwa hasira, uchovu tu, nilijiona nimeacha sehemu ambayo mimi ndo nilikua nafundisha wengine kutafuta mshipa wa mtoto, nimekuja mahali ambapo mkato unanishinda.

Ila sikuiacha R, kwasababu ni ya bure na daftari langu lilishaniambia inatakiwa. Stata na SAS unatumia vizuri ukiwa chuoni, ukitoka leseni inakuhusu wewe. Kama unataka kujijaribu kabla ya kuaplai, fanya hivi: chukua kozi moja ya bure ya epidemiolojia mtandaoni na moja ya takwimu, zimejaa, uzimalize mpaka mitihani. Ukiona unafungua video na kusinzia kila jioni, umepata taarifa ya thamani bila kulipa chochote.

Kuna kitu kingine hakuna aliyeniandaa nacho, nacho ni kukosa shukrani. Wodini mama anakushika mkono. Huku, mtoto ambae hakuugua surua hajui kwamba hakuugua, na mama yake hana cha kukushukuru. Geoffrey Rose, mtaalamu wa Uingereza, aliiandika hii vizuri sana miaka ya 80, kwamba hatua yenye faida kubwa kwa jamii nzima inampa mtu mmoja mmoja faida ndogo. Nilipoisoma nikaelewa kwanini watu wanaigombania chanjo wakati wa mlipuko afu wanaipuuza ugonjwa ukipotea. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikua Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merca Somalia, 1977, na baadae yeye mwenyewe alizunguka akihamasisha chanjo ya polio. Tangu hapo kuna watu mabilioni wamezaliwa hawajawahi kumuwaza aliyewaepusha na ndui. Sasa kama wewe ni mtu unayehitaji kuona uso wa uliyemsaidia ndo ulale vizuri, na hakuna ubaya wowote kuwa hivyo, hii kazi itakukausha. Mimi ilinichukua muda kuzoea, na bado kuna siku napita wodini bila sababu.

Kupata kazi. Ukweli ni kwamba wakati wa korona watu wengi waliikimbilia hii kozi, maombi vyuoni yalipanda sana, na hao wote wakaja kumaliza karibu pamoja. Afu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufika Julai mosi mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa rasmi, miradi ya afya ikakatika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Ninawafahamu watu wenye uzoefu mkubwa kuliko wangu walioamka na barua pepe ya kusitishiwa mkataba, wakaanza kuomba nafasi zile zile zinazoombwa na waliohitimu jana. Kwahiyo leo unapoangalia tangazo la kazi ongeza swali ambalo mimi wakati wangu sikuhitaji kuliuliza sana: huu mshahara unatoka mfuko gani? Serikali, chuo, bima, hospitali, au mradi wa mfadhili wenye tarehe ya mwisho? Kazi ya mradi sio mbaya, mimi mwenyewe nilianza nayo, ila ukiiingia ujue ni ya muda na uweke akiba kwa hesabu hiyo.

Leseni yangu ya uuguzi sijaiacha mpaka leo. Nalipia, nahudhuria semina zake, nahuisha. Kuna wenzangu waliona hawaihitaji tena wakiwa na vyeo vipya, mikataba ilipokatika wakaanza kuhangaika kuirudisha. Mkataba wangu wa kwanza ulipoisha nilirudi wodini kwa muda, nikala huko, mpaka nikapata hii nafasi ya data za chanjo niliyopo. Kwa mtu wa afya anayeenda kusoma hii masta, nadhani huu ndo ushauri wangu wenye faida kubwa kuliko mwingine wowote.

Kwa wale wanaotoka digrii ya kwanza moja kwa moja bila hata mwaka wa kazi, mimi nawaambia wasubiri. Najua wengine wana mawazo tofauti, na kuna wanaofanikiwa, ila darasani nilikua naona, mtu ambae hajawahi kuona rejista ya kituo iliyojazwa na muuguzi mwenye wagonjwa arobaini kwenye benchi anafikiri data chafu ni uzembe, na mapendekezo anayoandika yanakua ya watu wasiokuwepo. Fanya kazi kwanza, hata ya kukusanya data na tableti fildi, hiyo kwenye sivii inaonekana na kichwani inakaa. Na kama lengo ni kuwa na masta tu kwa ajili ya kupandishwa cheo, uliza kwanza kwa maandishi kama mwajiri wako anaitambua hii kwa cheo unachokitaka, maana kuna sehemu wanataka ubobezi wa taaluma yako ya mwanzo.

Ukishaamua unaenda, kabla hujalipa chochote kiandikie chuo uwaulize waliomaliza mkondo wako mwaka jana na juzi wako wapi, wamepata kazi gani, na kama unaweza kuongea na wawili. Chuo kizuri kinakujibu. Kikikutumia brosha tena, hilo nalo ni jibu. Uliza na kazi ya vitendo nani anaitafuta, wao au wewe, kwasababu kuna vyuo vinakuachia utafute mwenyewe ukiwa mgeni hujui hata mlango wa kugonga. Waombe mapema watu watakaokuandikia barua za kukupendekeza, uwape na sivii yako na ulichokiandika, wasije wakaandika "ni mchapakazi na mwaminifu" ikaishia hapo.

Na ukipata nafasi pesa ikakosekana, usiiache ife kimya kimya. Andika uombe waiahirishe mpaka mwaka unaofuata, vyuo vingi vinakubali ukiomba kabla ya tarehe yao, na huo mwaka utumie kuomba skolashipu ukiwa tayari na barua ya kukubaliwa mkononi, wafadhili wengine wanaiangalia hiyo.